Gauni la Oliva lilikuwaje?

Mhariri,

Jumapili mbili zilizopita mwandishi wenu wa ukurasa wa vitabu alisema kwamba riwaya za mwendelezo ni kiporo: mwandishi kapika sikukuu, watu wamekula wakashiba, sasa anatupashia moto mabaki. Akaongeza kuwa hadithi ya mapenzi inapaswa kuishia pale wapendanao wanapopatana, yanayofuata ni ya mume na mke na hayatuhusu. Niliyasoma hayo nikiwa na kikombe cha chai na sahani ya kiporo cha ndizi na maharage kilichonishinda usiku wake, nikasema huyu bwana kiporo hakijui na mwendelezo haujui. Naomba nafasi nimjibu. Nimemaliza mwendelezo mmoja hivi karibuni, na umenisumbua kuliko kitabu chake cha kwanza.

Nijitambulishe kidogo. Nilifundisha Kiswahili na Kiingereza sekondari kwa miaka 31. Nilipostaafu nikarudi kwenye cherehani ya marehemu mama. Nina chumba kimoja hapa Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni, vyerehani vitatu, na mabinti wawili ninaowafundisha kazi, mmoja wa Rombo na mwingine wa Same. Jirani yangu wa mlango wa pili anauza mchele na maharage. Wateja wakipungua anahamishia kigoda chake kwangu. Tunashona vitu vingi lakini kinachotulisha ni harusi. Desemba, Wachagga wote wa Dar es Salaam na kwingineko wakishapanda kuja nyumbani, tunashona mpaka usiku wa manane na pasi ya mkaa haipoi.

Kitabu cha kwanza niliachiwa na kijana wa Kiingereza aliyekuwa anajitolea hapa mjini na kupanga chumba kwangu. Alipoondoka aliacha viatu, chandarua na katoni ya vitabu. Humo nikakuta riwaya ya Alexis Hall iitwayo Boyfriend Material, iliyotoka mwaka 2020. Nilikiokota kwa sababu ya jina. Material kwetu mafundi ni kitambaa. Binti wa Same alipokiona mezani aliuliza, "Mwalimu, hicho ni cha mitindo?" Nikamwambia nitakisoma kwanza.

Si cha mitindo. Ni hadithi ya kuchekesha ya huko London. Luc ni kijana ambaye wazazi wake wote ni wanamuziki maarufu wa zamani, baba alimkimbia akiwa mdogo, magazeti ya udaku hayamwachi. Anafanya kazi kwenye shirika la kumtetea yule mdudu anayeviringisha mavi. Ndiyo, yuleyule. Waingereza wakiamua kuchekesha hawaoni aibu. Wafadhili wa mdudu wamechoshwa na picha zake za ulevi magazetini, kwa hiyo anatakiwa ajionyeshe na mchumba wa heshima kwenye hafla ya kuchangisha. Anaunganishwa na Oliver, wakili, msafi, mpole, mtu wa ratiba, hali nyama. Oliver naye anahitaji mtu wa kwenda naye kwenye sherehe ya wazazi wake kutimiza miaka 40 ya ndoa. Wanapatana wadanganye watu kuwa ni wapenzi. Mwenye akili anajua uongo huo unaishia wapi.

Mabinti hawasomi Kiingereza cha kurasa 400, lakini mikono ikiwa kazini masikio hayana kazi. Nikaanza kuwasimulia kidogo kidogo, kama mchezo wa redio. Na hapa ndipo Kiswahili kilipofanya kituko ambacho mimi, mwalimu wa Kiswahili, sikukitarajia.

Nilitamka majina kwa kinywa changu cha Moshi: Luki na Oliva. Sasa Mhariri, kwetu Luki ni Luka, mwanaume. Oliva ni mwanamke. Darasani kwangu wamepita Oliva wanne na wote walivaa sketi. Halafu lugha yetu haiulizi. Akacheka, akanuna, akampigia simu, akamngoja mvuani: kiambishi ni kilekile kwa baba, mama, shangazi na padri. Mpenzi ni mpenzi. Mchumba ni mchumba. Wiki ya kwanza, naapa, sikukusudia. Wiki ya pili jirani alisema, "Huyo Oliva ana nidhamu, ndiyo maana kapata uwakili, siyo hawa wa kwetu," nikaelewa kilichotokea. Nilinyamaza. Niliona hadithi inakwenda vizuri, nikaogopa kuivunja. Hilo nakiri.

Kitabu cha kwanza kikaisha, wamepatana, wote tukafurahi. Binti wa Rombo alikuwa na hoja moja tu: mtu asiyekula nyama akiolewa Rombo, siku ya ndafu atatazama wapi?

Mwandishi wenu angetaka tuishie hapo. Mimi nikamtumia yule kijana ujumbe, naye akampa rafiki yake aliyekuja kupanda Mlima kupitia Machame. Kitabu kikanifikia kimekunjika pembe, kimefuatana na pakiti ya majani ya chai, kana kwamba Kilimanjaro tumekosa majani ya chai. Ni Husband Material, cha mwaka 2022. Binti wa Same aliposikia jina alifurahi. "Sasa ni kitambaa cha mume," akasema. "Mita tatu na nusu na bitana."

Sisi tuliosoma riwaya za A. E. Musiba tukiwa wasichana tunamjua mpelelezi wake Willy Gamba: anaingia kitabu kipya kama alivyotoka cha zamani, hazeeki, hachoki, hana deni. Huo ni mfululizo, na ni mtamu kwa namna yake. Mwendelezo ni kitu kingine. Mwendelezo unawakuta watu pale ulipowaacha na kuwauliza: haya, mmependana, sasa? Luc na Oliver wana miaka miwili pamoja. Hakuna tena uongo wa kuwafurahisha wasomaji. Kilichobaki ni kwamba kila rafiki yao anaoa au anaolewa, na wao wanatazamwa.

Kitabu kimepangwa kwa harusi na msiba. Ya kwanza ni ya Bridget, rafiki wa Luc, na Luc ndiye mpambe wa bibi harusi. Niliposema hivyo vyerehani viwili vilisimama. Mwanaume awe mpambe wa bibi harusi? "Mambo ya Wazungu," jirani akaamua, vyerehani vikaendelea. Baadaye inakuja harusi ya mpenzi wa zamani wa Luc, aliyewahi kumuuza kwa magazeti. Luc anarudi kutoka huko amechanganyikiwa kwa wivu na hasira, akamposa Oliver papo hapo, bila pete wala mpango. Chumbani kwangu zilipigwa vigelegele. Jirani alitoka nje akawaambia wateja wake wawili kwamba Luki kaposa.

Basi zikaanza habari za maandalizi, na hapo tukawa kwenye uwanja wetu. Nimekaa kwenye kamati za harusi nyingi kuliko vikao vya walimu. Nimeona ndugu wa damu wakinuniana kwa rangi ya vitambaa vya meza. Nimeona kadi ya mtu mmoja na kadi ya watu wawili zikivunja urafiki wa miaka 20. Nimeona mwenyekiti wa kamati akizima simu wiki nzima kwa sababu ukumbi umechukuliwa na wengine. Kwa hiyo nilipofika mahali ambapo Luc na Oliver wanagombana kwa sababu ya upinde wa maputo wenye rangi za upinde wa mvua, mmoja anautaka, mwingine anaona haumhusu, niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Maputo! Lakini hawagombani kwa maputo. Wanagombana kwamba kila mmoja anataka harusi iseme kitu kuhusu yeye ni nani, na vitu hivyo viwili havikai kwenye ukumbi mmoja. Mwandishi anaachia ugomvi huo uende kurasa na kurasa, unapoa, unawaka tena wakiwa wanaosha vyombo. Kitabu cha kwanza hakikuwa na kitu cha kweli namna hiyo. Kisingeweza kuwa nacho, maana wale walikuwa bado wanatafutana.

Nilikuwa naeleza hayo huku natia sindano uzi ndipo binti wa Same, ambaye ni fundi kwa kuzaliwa na siku moja atanipita, akauliza swali ambalo mimi kwa ujinga wangu sikuliandalia jibu.

"Mwalimu, na gauni la Oliva lilikuwaje?"

Nilikuwa na njia za kukwepa. Kwa majuma mawili nilishakwepa kitenzi. Kuoa ni cha mwanaume, kuolewa ni cha mwanamke. Ukisema Luki anaoa lazima mtu aolewe. Mabinti walishasema wenyewe, "Oliva anaolewa," nami nikiwajibu kwa "wanafunga ndoa," "wanaoana," "wanafunga pingu za maisha," kama mwanasiasa anayeulizwa habari za barabara. Lakini gauni halina kisawe. Fundi akikuuliza gauni anataka kujua shingo, mkono, mkia una urefu gani, shela ni ya lesi au ya neti. Niliangalia ile sindano. Nikasema, "Hakukuwa na gauni. Zilikuwa suti mbili."

Walifikiri kwanza ni mtindo. Binti wa Rombo aliuliza kama suti ya Oliva ilikuwa nyeupe. Nikasema Oliva ni Oliver, ni mwanaume.

Kimya kilichofuata nakikumbuka kwa sababu tulisikia pikipiki zote za barabarani. Binti wa Rombo alicheka, akaziba mdomo. Binti wa Same alisema taratibu, "Mwalimu, ulitudanganya." Nikamwuliza nimesema uongo kwenye neno gani. Akafikiri. Alitafuta kweli, niliona macho yake yakirudi nyuma wiki kwa wiki, akamtafuta Oliva wa kike kwenye sentensi zangu na asimpate. Jirani aliinuka, akakunja kigoda chake. "Na wewe ni mzee wa kanisa," akasema, akaenda kwenye mchele wake.

Naijua nchi yangu, Mhariri, usije ukadhani naandika kutoka mwezini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na Kanuni ya Adhabu inawapa wanaume wanaolala pamoja kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30. Naijua pia historia kidogo: kifungu hicho kilikuja na Waingereza enzi za Tanganyika. Kwao England na Wales walianza kukilegeza mwaka 1967, wakapitisha sheria ya ndoa za namna hii mwaka 2013, na harusi za kwanza zikafungwa Machi 29, 2014. Cha kwetu walituachia kama mtu anayehama nyumba na kuliacha kabati zito asilotaka kulibeba. Leo tunaambiwa kabati ni letu tangu enzi za mababu. Sisemi zaidi ya hapo, hii ni barua ya vitabu.

Ila nitasema jambo moja la lugha, kwani ndilo lililonilisha. Tumebaki hatuna neno la watu hawa ambalo mwalimu anaweza kuliandika ubaoni. Lililopo mitaani ni tusi, na hilo tusi lenyewe tulilipora. Mama mkwe wangu alikuwa wa Tanga. Alipokuja kututembelea aliwaita wanawake wenzake "shoga," kwa mapenzi kabisa, shoga njoo unywe chai, shoga mbona umekonda. Alipozeeka watoto wa mjini walimcheka akanyamaza, na neno lake tamu likafa kinywani mwake akiwa hai. Kwa hiyo niliposimulia nilitumia maneno ambayo bado ni safi: mpenzi, mchumba, mwenzake. Yalinitosha kurasa zaidi ya 800 za vitabu viwili. Sikukosa neno hata siku moja mpaka tulipofika kwenye kuoa.

Siku mbili hakuna aliyeuliza kitu. Tulishona sare za wasimamizi, kumi na mbili, rangi ya damu ya mzee, kimya kama wakati wa mtihani. Mimi nilisoma mwenyewe usiku. Nikiri pia kwamba katikati kitabu kinalegea. Harusi ya tatu, ya mfanyakazi mwenzake Luc, mtoto wa matajiri asiyeelewa utani wowote, imejaa watu wa ukoo wenye majina marefu, nikarukaruka. Na marafiki wa Luc wote wana ulimi mmoja. Ukifunika majina huwezi kujua nani kasema nini. Hapo mwandishi wenu angekuwa na la kusema kama angekisoma.

Siku ya tatu, mchana, binti wa Same aliuliza bila kuinua uso, mguu ukiendelea kukanyaga: "Wazazi wa Oliva walikubali?"

Sikumsahihisha jina.

Nikamwambia wazazi wa Oliva ni watu wa kukosoa. Tangu kitabu cha kwanza, kwenye ile sherehe ya miaka 40, walimkosoa mtoto wao mbele ya wageni mpaka Luki akashindwa kuvumilia akawajibu. Nikamwambia kwamba kabla harusi haijafika, baba alikufa. Hapo cherehani ilisimama. Mtu wa Upareni au Uchaggani humwambii "baba alikufa" ukaendelea na hadithi. Alizikwa wapi? Nani alisimama kaburini? Huyo Luki alikaa wapi msibani, na ndugu au na majirani? Nikasema alikaa na Oliva. "Ndugu hawakusema kitu?" Nikasema Oliva mwenyewe ndiye aliyekuwa na kazi ya kusema, na ni kazi ngumu, kumsifu maiti aliyekuumiza. Binti wa Rombo alisema kwao mzee mmoja alizikwa kihambani na mtoto wake mkubwa hakufungua kinywa kabisa, alichukua udongo akamwaga, akarudi Arusha na basi la jioni. Hakuna aliyecheka. Kigoda cha jirani kilikuwa kimerudi mlangoni, sikukiona kinaingia.

Sura hizo za msiba ndizo ninazomletea mwandishi wenu. Mtu anayekuchekesha kwa kurasa 300 halafu akakuketisha msibani, na vichekesho haviondoki, vinakaa tu nyuma kama watoto waliokatazwa kelele, huyo hakupasha kiporo. Kiporo chenyewe, kwa taarifa yake, si mabaki. Maharage ya jana yamelala na nazi na kitunguu usiku kucha. Asubuhi si yale.

Nikamalizia. Siku ya harusi ikafika. Suti zimeshonwa, zimepigwa pasi. Wageni wamekaa. Wapendanao wakatazamana, wakaulizana kwa sauti ya chini kama kweli wanalitaka jambo hili au wanalifanya kwa sababu wengine wote wamelifanya. Wakakubaliana hawalitaki. Watabaki pamoja, wanapendana kuliko mwanzo, lakini ndoa hawafungi.

Mimi mwenyewe nilipofika hapo usiku ule nilikasirika, nikakitupa kitabu juu ya mafungu ya vitambaa. Nimeshona harusi miaka mingi, nikahisi mtu kaniharibia kazi. Asubuhi nikawaza jambo la kijinga la mwalimu: basi hata kile kitenzi hawakukihitaji. Hakuna aliyeoa, hakuna aliyeolewa. Wamebaki kwenye yale maneno yangu safi, mpenzi na mwenzake, na wamekaa humo vizuri.

Mabinti nao walikasirika, kila mmoja kwa lake. Wa Same alisikitikia suti. Wa Rombo alisema angalau wangefunga, halafu waachane kama watu wengine. Hakuna aliyesema tena habari ya wanaume wawili. Hilo lilishapita, sasa kosa lao lilikuwa kubwa zaidi. Jirani ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alisimama mlangoni na kipimo cha kilo mkononi.

"Wageni wamekaa?"

"Wamekaa."

"Ukumbi umelipiwa?"

"Umelipiwa."

"Na sisi tuliochanga je?"

Mwalimu mstaafu na fundi cherehani,
Moshi